Msaili wa Lango la Mnada

Saa moja asubuhi, Mary Jepkosgei amesimama kwenye lango la mnada wa ng'ombe mjini Eldoret, daftari mkononi. Mbele yake yuko Paul, mkulima kutoka Burnt Forest, na ng'ombe mweupe.

"Anaitwa nani?" Mary anauliza.

"Chelel."

"Mama yake?"

"Aliuzwa zamani, Mama."

"Sijauliza kama aliuzwa. Chuchu gani ngumu kukamua?"

Paul anafuta jasho. "Ya nyuma, kushoto."

"Mwite."

Anaita. Ng'ombe anageuza kichwa. Mary anaandika, na Paul anapita akinung'unika, "Huyu mama ni msaili."

Zamani wafanyabiashara walimwita mdadisi tu, yaani mtu wa kutaka kujua mambo. Mwalimu mmoja, aliyeshindwa kutaja jina la mtamba wake mwenyewe, ndiye aliyewasahihisha kwa hasira: huyu ni msaili, anakuhoji mpaka useme. Mnada mzima ukalidaka neno hilo. Wala si bure. Mwaka jana, 1986, maswali yake yaliwarudisha ng'ombe kumi na saba wa wizi kwa wenyewe. Mwizi huswaga ng'ombe, jina akaliacha nyumbani.

Mary, mwenye umri wa miaka arobaini na minane, alikuwa akilicheka neno hilo. Kisha mwezi Machi mwanawe Wilson, karani wa chama cha ushirika, akachukuliwa kwenda kuhojiwa. Alikaa siku tisa. Alihojiwa na nani na kwa lipi, hayo si ya gazeti hili, na mwandishi huyu ana watoto.

"Alirudi mzima, hata kovu hana," Mary anasema. "Lakini ukimuuliza kitu, hata ukimuuliza kama amekula, anainuka. Anaangalia mlango."

Basi mwanamke anayelipwa shilingi mia tisa kwa mwezi kwa kuuliza maswali, akifika nyumbani Chepsaita hamuulizi mwanawe hata moja. Chai anaiweka mezani na kurudi jikoni. Inamuuma, wala hafichi.

"Mimi nauliza ndio nijue ukweli. Wale walikuwa na jibu lao tayari. Sasa watu wakiniita msaili, nasikia kama kazi yetu ni moja."

Hata hivyo, lango hataliacha. Mwezi Desemba atanunua mtamba, amfunge uani, amwachie Wilson ampe jina.

"Sitauliza anaitwa nani," anasema, huku akimpungia mkulima anayefuata asogee. "Nitangoja siku nitakayomsikia akimwita."