Mjane Aliyekataa Kufunga Mizigo

Habari ilinikuta sokoni Masasi, kwa mdomo wa mtu aliyeshuka na lori kutoka Newala: yule mama wa Kitangari amefariki dunia, na wameshamzika. Wasomaji wangu wengi hawakumjua. Hakuwa na cheo, hakuhutubia mkutano, na sura yake haikupata kutoka gazetini. Mimi nilimjua kwa sababu nilifundisha shule ya kwao kwa miaka michache na milango yetu ilitazamana. Nimeumia. Na nina hasira pia, kwa sababu nitakayoieleza, maana kuna watu wameanza kumsema vibaya hata kaburi halijakauka.

Mama huyu alipenda senema. Sisemi zile za kutufundisha kunawa mikono na kupalilia mikorosho, ambazo gari la serikali lilituletea kila lilipopanda huko juu Kitangari. Hizo alizitazama kwa adabu huku akisuka ukili wake wa mikeka. Alizozipenda ni hadithi za kale za Uingereza, zilizotolewa vitabuni: magauni yanayofagia sakafu, mabwana wenye kofia ndefu kama vinu, magari ya kukokotwa na farasi. Siku picha ya namna hiyo ilipoonyeshwa kwa mara ya kwanza uwanjani Kitangari, ukili aliusahau mapajani. Bibi mmoja katika picha alikuwa akivua glovu, kidole kimoja kimoja, huku akimsikiliza mtu asiyempenda, na mama huyu alicheka mpaka akamshika jirani bega. Tangu hapo, kila umbeya ulipoanza njiani akitoka na wenzake kuteka maji bondeni, alitua ndoo yake na kuvua glovu zisizokuwepo, taratibu, mpaka msema umbeya anyamaze mwenyewe.

Picha yenyewe ilihusu mjane. Mumewe amezikwa, machozi hayajakauka, shemeji anaingia na mkewe kusema nyumba sasa ni yake. Mjane anawakaribisha chai katika vikombe vizuri, kisha anapanda ghorofani na kufunga mizigo. Mfasiri wa gari, kijana wa pwani mwenye kipaza sauti, alikuwa akitueleza kwa huzuni jinsi anavyokunja nguo za bintiye, ndipo sauti ya mama huyu ikatoka kwenye mikeka kuuliza mjomba wa mjane yuko wapi. Uwanja mzima ukaitikia. Kwetu mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na mwanamke aliyefiwa ana mjomba na kaka wa kumsemea. Mfasiri alimgeukia Bwana Shauri, ofisa wa Kizungu aliyekuwa amekaa kwenye kiti chake pembeni, naye akaamuru mashine izimwe, tuonyeshwe picha ya viroboto. Mwisho wa hadithi hatukuuona.

Wengine tulikunja mikeka tukaenda zetu. Yeye alingoja. Baraza lilipoitishwa na Bwana Shauri akauliza nani ana swali juu ya mikorosho, mama huyu alisimama akauliza picha ya mjane itarudi lini. Aliambiwa picha ile haikuwafaa watu wa huku, kwa kuwa hawazielewi mila za nchi ile. Nilikuwa pale, na jibu lake nalikumbuka neno kwa neno.

"Tumeielewa, Bwana. Kumbe kwenu mjane hana kwao. Sasa tunataka kujua alifanyaje."

Karani aliyetafsiri alipunguza makali, nilimsikia. Hata hivyo gari lilipofika Newala baadaye, mfasiri wa pwani aliirudisha picha ile, kwa ujanja wake mwenyewe, na mama huyu alitembea kutoka Kitangari kwenda kuimaliza. Alirudi amefurahi na amekasirika kwa pamoja. Mjane alikuwa ameokolewa na posa ya tajiri kwa bintiye. Aliniambia magauni yalikuwa mazuri kupita yale ya kwanza, na kwamba mwanamke yule alikosea pale pale ghorofani, alipogusa sanduku.

Kisha mume wa mama huyu akafa. Walikuwa wamejenga katika ardhi ya mjomba wa mke, na mikorosho ile waliipanda pamoja. Lakini korosho sasa zina bei, na mdogo wa marehemu alikuja kudai nyumba na shamba. Alisema siku hizi ni za ustaarabu, mali ni ya upande wa mwanamume, kama wafanyavyo Wazungu. Mama huyu alimkaribisha maji, na nyie mnaojua bondeni ni mbali mtaelewa ni heshima gani. Akamsikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema:

"Shemeji, hayo nimeyaona kwenye senema. Yule alifunga mizigo. Mimi sifungi."

Mjomba wake aliitwa, wazee wakakaa, na shemeji akarudi kwao mikono mitupu.

Sasa naambiwa kwamba kwenye matanga kijana mmoja msomi alisema ni aibu, wakati huu tunaodai kujitawala, kumlilia mwanamke aliyependa picha za watawala. Nakataa, na nakataa kwa sauti. Yule aliyeizima mashine alidhani hatuna akili ya kutazama. Kijana huyu naye anadhani tukitazama tutamezwa. Wote wawili wanatuona watoto. Mama huyu alizipenda kofia, farasi na glovu kwa moyo wake wote, hakuomba radhi kwa mtu, na katika raha hiyo hiyo alimwona mwizi alipoingia mlangoni. Kama kuna namna bora ya kujitawala, nionyesheni.

Aliyeniletea habari alikuwa na neno moja zaidi. Siku ya tatu baada ya maziko, shemeji yule alirudi. Akamwuliza binti wa marehemu atahama lini. Binti aliingia ndani, akatoka na kikombe, akampa kwa mikono miwili akiwa amepiga goti.

"Karibu maji, Baba Mdogo," alisema. "Mizigo hatufungi."