Mkoba Uliopewa Jina

Nilizaliwa Misima, nikaolewa Korogwe na mfanyakazi wa shamba la mkonge. Tuliishi kambini, karibu na korona, kile kiwanda kinachokamua majani ya mkonge mpaka zibaki singa nyeupe. Shamba lilipouzwa kwa mwekezaji, mume wangu alipunguzwa pamoja na wenzake wengi, tukaambiwa tuhame. Yeye alikwenda Magoma kwa kaka yake kulima mahindi. Mimi nilibaki na watoto waliokuwa shule, nikapanga chumba mjini, uani kwa mama mmoja wa Kisambaa aliyependa kufagia hata pasipo na takataka.

Ukiacha jembe, nilichokijua ni kusuka mikoba ya katani. Alinifundisha mama mkwe, mwanamke mkali wa mikono, aliyekufumulia kazi nzima akiona fundo moja limelegea. Katika miaka yake mikoba ilikuwa na mnunuzi, duka la ushirika lililoipeleka Tanga na Dar es Salaam. Duka lile lilifungwa. Biashara ilipofunguliwa, mifuko ya nailoni iliingia ya kila rangi, na watu niliozoea kuwaona na mikoba yetu sokoni wakawa wanabeba nyanya na dagaa kwenye nailoni. Hakuna aliyetutukana. Waliacha tu kutuona.

Nilianza kupeleka mikoba yangu Mkata siku za mnada, nikiamini wanaouza ng'ombe wana fedha ya kununua kitu kigumu. Huko ndiko nilikokutana na huyu mama ninayetaka kumsimulia. Alikuwa mfugaji, Mmasai wa nyanda za Handeni, umri wake kama wangu au ulizidi kidogo. Alitandika nguo chini akauza shanga alizotunga mwenyewe. Hakuwa na maneno mengi. Siku ya kwanza alichukua mkoba wangu, akaugeuza ndani nje kama anayekagua ngozi, akaniambia kazi ni nzuri ila mkoba uko kimya mno. Akaniomba aondoke nao. Nilimpa, sijui kwa nini, kwani nilikuwa simfahamu.

Mnada uliofuata aliurudisha umeshonwa mkanda wa shanga mdomoni. Uwanja wa mkanda ulikuwa mweupe, katikati umepitishwa mstari wa rangi ya chungwa, na chini yake mstari wa buluu uliozunguka karibu mkoba mzima, kisha ukakatika kabla ya kukutana na mwanzo wake. Palipobaki paliachwa peupe. Nikadhani shanga zilimwishia. Nilipomwuliza, akasema hapana, inatosha pale.

Tukaanza kufanya kazi pamoja. Nilisuka, nikambebea mikoba Mkata, naye aliishona. Kila mkoba alipanga rangi nyingine alivyopenda, lakini ile buluu ilikatika palepale. Nami nikajikuta nasuka tofauti. Nilianza kuchagua singa kwa uangalifu, kuzichemsha na magome mpaka zishike wekundu wa udongo wa Misima baada ya mvua, kwa sababu nilijua shanga zake zitakaa juu ya rangi ile. Usiku nilipolala nilikuwa naiona mikoba ambayo bado hatujaitengeneza. Kwa miaka mingi mikono yangu ilikuwa inafanya kazi ili watoto wale. Wakati ule ilifanya pia kwa sababu ilitaka.

Shanga tulizinunua Korogwe, kwenye duka la familia ya Kihindi lililo karibu na stendi. Mzee mwenye duka aliwauzia shanga wafugaji tangu ujana wake, akaweza kuwasalimia kwa lugha yao. Binti yake wa mwisho alikuwa amerudi kutoka masomoni Dar es Salaam na kompyuta, na kwenye chumba cha nyuma cha duka alifungua huduma ya intaneti. Siku alipouona mkoba wetu juu ya kaunta, aliacha alichokuwa akifanya.

"Shikamoo mama," aliniambia. "Huu mmeutengeneza nyie? Naomba niupige picha."

Akaipeleka picha kwenye mtandao, akatufungulia ukurasa. Mimi mtandao nilikuwa nausikia tu. Alinikalisha mbele ya kioo cha kompyuta, akanionyesha mkoba wetu ukining'inia pale, mkubwa, unang'aa, nikaweza kuona kila pitio la uzi. Nilitoa machozi, na huyo binti akacheka akanishika bega. Baada ya muda oda zilianza kuja kutoka nchi ambazo majina yake nilikuwa nimeyasikia redioni. Tulifunga mikoba kwa karatasi za kaki, tukaipeleka posta. Karani wa posta alianza kutujua, akawa anatuuliza leo inakwenda wapi.

Wanunuzi wale walikuwa na swali moja ambalo mnadani sikuwahi kuulizwa. Walitaka kujua mtengenezaji alipata wapi wazo la kazi yake, kitu gani kilimgusa moyoni. Binti alitueleza kuwa huko watu hununua mkoba na hadithi yake, na ukurasa usio na hadithi hupitwa. Mimi nilijibu bila shida. Nilimweleza kuhusu korona, mama mkwe na udongo wa Misima, akaandika. Mwenzangu alipoulizwa aliendelea kuchagua shanga. Halafu akasema, "Waambie ni rangi za mvua ikiwa mbali."

Jibu lile mimi niliona linatosha. Binti aliona ni fupi.

Sikujua alichoandika. Kilikuwa cha Kiingereza, na Kiingereza changu hakivuki salamu. Nilichokiona ni kwamba oda ziliongezeka, na kwamba barua zilizokuja na oda zilikuwa ndefu, nyingine za watu waliosema wamelia. Nilimwuliza binti wanalia nini, akanijibu wameguswa na kazi ya mwenzangu. Nilifurahi. Nilimpelekea salamu hizo Mkata, naye akaomba shanga nyeupe zaidi.

Kisha wakaja wageni. Walikuwa mume na mke, wazungu wazee, waliokuwa wakienda milimani Lushoto wakaamua kusimama Korogwe kuwatafuta watengenezaji wa mkoba wao. Ilikuwa adhuhuri. Mwenzangu alikuwepo kwangu uani, amekuja kuchukua mikoba, tumekaa kwenye mkeka tunakunywa chai. Binti wa dukani aliwaleta mwenyewe, uso umemjaa furaha. Yule bibi wa kizungu alikuwa ameubeba mkoba wetu begani, umeanza kulainika kwa kutumika, nami nikaona fahari.

Alimwendea mwenzangu moja kwa moja. Alipiga magoti pale mkekani, akaishika mikono yake miwili, akatamka jina. Lilikuwa jina la kike la Kimasai. Alilitamka polepole, kama mtu aliyejifunza kulisema vizuri, kisha akauweka mkono wake juu ya mkanda wa shanga na kulirudia.

Mwenzangu hakupiga kelele. Aliitoa mikono yake kwenye mikono ya yule bibi, taratibu, akaweka kikombe chini. Nilimwona akitazama mkoba, kisha akamtazama binti. Binti alikuwa bado anatafsiri, anasema mgeni anasema amekuwa akimkumbuka mwanao kila anapoubeba, na sentensi ikamfia mdomoni.

Mwenzangu alisimama, akajifunga shuka lake, akatoka. Mikoba aliyokuja kuichukua aliiacha mkekani. Nilimfuata mpaka barabarani nikimwita, hakugeuka. Niliporudi yule bibi wa kizungu alikuwa analia, anauliza amekosea nini.

Ndipo binti aliponieleza. Zamani, akiwa mtoto, alikuwa akikaa kwenye kaunta ya baba yake, na yule mama alikuwa akija kununua shanga na binti yake mkubwa, ambaye walilingana umri. Wasichana hao wawili walikuwa wakichagua shanga pamoja, wakizipanga kwa rangi sakafuni. Baadaye yule msichana aliolewa, akafa kwa uzazi ndani ya mwaka uleule. Binti wa dukani hakumsahau. Alipotakiwa kuandika kilichomgusa mama yule, aliandika anachokijua yeye, kifo cha mwanawe, na mkoba wenyewe akauita kwa jina la marehemu.

"Nilitaka watu wamjue," aliniambia. "Alikuwa rafiki yangu."

Baba yake alikuwa amefika, akasikia. Alifunga macho. Miaka yote aliyowauzia shanga wafugaji, alisema, alijifunza jambo hili mapema kuliko hata bei: jina la marehemu wao hawalitaji. Mtu akifa, hata wenye jina kama lake hubadilishiwa. Mama aliyekuwa akiitwa kwa jina la mwanawe hupewa jina la mtoto mwingine. Binti yake alikuwa shuleni miaka ambayo angeweza kuyaona hayo.

Nilikwenda Mkata, na kutoka hapo nikatembea hadi kwenye boma la mwenzangu. Ulikuwa msimu wa ukame, nyasi zimekuwa vumbi. Alinipokea vizuri, akanipa maziwa, tukaulizana habari za watoto na mifugo kama inavyopasa. Nilipomaliza maziwa aliniuliza kama lile jina limeondolewa kwenye mashine. Nilimwambia kwetu limefutwa, binti alilifuta siku ileile. Lakini watu wengine walikuwa wamelichukua na picha, wameliweka kwenye kurasa zao, na huko hatuna uwezo.

Alimsogezea maji ndama aliyefungwa kivulini. Halafu akaniambia jambo ambalo hakuwahi kuniambia katika safari zote za mnadani. Siku habari za msiba zilipomfikia alikuwa anatunga mkanda mdogo wa kiuno kwa ajili ya mjukuu aliyetarajiwa. Mwanawe na kichanga chake walifia njiani, kwenye gari lililokuwa likiwapeleka hospitali Handeni. Alikuwa ameshika ushanga wa buluu mkononi walipomwita. Mkanda ule hakuumaliza, na hakuweza kuutupa.

"Nilipouona mkoba wako," alisema, "nilijua unakwenda mbali, kwa watu wasiotujua. Kila nilipoushona, nilitoa kitu ndani yangu, kikaondoka. Sasa mmenirudishia, na mmekirudisha kikiwa na jina."

Nilimwambia sikujua, naye akasema anafahamu kwamba sikujua. Hilo halikunipunguzia mzigo, wala sidhani alilisema kwa ajili hiyo.

Binti wa dukani aliniomba nimpeleke kwa mwenzangu. Baba yake alimfungia sukari na majani ya chai, na tumbaku kwa ajili ya wazee wa boma. Tulipofika alimsalimia kwa kuinamisha kichwa, kama watoto wa wafugaji wanavyowafanyia wakubwa wao, na yule mama, baada ya kusita, akamgusa utosini. Sukari aliipokea. Chai tulikunywa. Hakuna aliyegusia mkoba, mpaka tulipoaga ndipo alipomwambia binti maneno machache.

"Ulimpenda. Nilikuwa nawaona pale sakafuni," alisema. "Lakini kumpenda kwako ukae nako moyoni."

Hakushona tena mkanda kwa ajili ya mikoba yangu. Mnadani nilikuwa nikimkuta, ametandika nguo yake, anauza bangili na shanga za masikio kwa watu wake. Tulisalimiana, tukapeana habari, nikanunua kitu kidogo. Hatukukaa tena upande mmoja wa nguo. Nilijaribu kutafuta mwanamke mwingine anishonee. Alikuwa fundi mzuri, alifuata picha sawasawa, hata ile buluu aliikata palepale. Nilipouona mkoba wake wa kwanza nikaufumua mwenyewe, shanga zikadondokea kwenye sufuria, nikamlipa na kumwomba radhi. Hakuelewa, na mimi sikuwa na ruhusa ya kumweleza.

Wanunuzi wengi walituacha. Mikoba isiyo na shanga waliona ni ya kawaida. Mume wangu alinishauri nirudi tulime wote Magoma, nikaenda misimu miwili ya masika, lakini kiangazi nilirudi Korogwe kwenye singa zangu. Binti aliendelea kuniwekea picha. Kwenye nafasi ya kueleza kilichonigusa nilimwambia aandike urefu, upana na aina ya rangi, basi. Alinitazama, akaandika hivyohivyo.

Ukame wa mwaka uliofuata uliwahamisha wafugaji wengi. Nilikwenda Mkata siku ya mnada, sikumkuta mwenzangu. Nilimwuliza mama aliyekuwa akiuza ugoro pembeni yake, akaniambia boma lao lote limeondoka na ng'ombe kuelekea Kilindi, na wengine wanasema wamevuka kwenda mbali zaidi. Niliuliza kama aliniachia salamu. Yule mama alifikiri kidogo, akasema hapana, waliondoka alfajiri na hawakuwa na nafasi ya kuaga watu.

Hadi leo, mara mojamoja, huja ombi la mtu aliyeona picha ya zamani mahali fulani, anataka mkoba ule, na anautaja kwa jina. Binti, ambaye sasa naye ni mama na ndiye mwenye duka, jina hilo huwa halisomi kwa sauti. Hunigeuzia kioo tu, nami namwambia awajibu kwamba hatuutengenezi.