Mshairi wa Amerika Jikoni Mwetu Tottenham

Huo ulikuwa mwaka wa kuku. Ng'ombe wa Uingereza walikuwa wameshikwa na wazimu, redio inatangaza kila asubuhi kwamba ukila nyama yao na wewe ubongo utatoboka, basi Tottenham nzima tukageuka walaji kuku. Kuku Jumapili baada ya kanisa, kuku harusini, kuku matangani, mpaka harufu ya mafuta yake ikaganda kwenye mapazia na kwenye koti langu. Mimi niliyezaliwa Taita katikati ya ng'ombe nikawa nanunua shingo na mapaja sokoni huku nikinung'unika. Lakini mwaka huo siukumbuki kwa kuku peke yake. Ndio mwaka mjukuu wangu Wakesho, msichana wa miaka tisa, na mimi mwenye darasa la tatu, tulipomwingiza nyumbani mshairi mmoja mwanamke wa Amerika, na yule mama akatuokoa sote wawili. Nalisema hili kifua mbele.

Nilikuwa nimeletwa London na binti yangu Mghoi, muuguzi, nimlelee mtoto wakati yeye yuko zamu. Tulikaa ghorofa ya nne kwenye nyumba za halmashauri. Kiingereza changu kilikuwa cha kusema asante na kwaheri, basi, kwa hiyo nyumbani tulisema Kiswahili. Mwezi wa tatu Mghoi alirudi kutoka kikao cha wazazi shuleni uso umemshuka, akakaa kitini bila kuvua koti.

"Mama, mwalimu anasema Wakesho yuko nyuma ya wenzake wote kusoma. Anasema Kiswahili kinamchanganya."

"Kinamchanganya vipi? Wewe kilikuchanganya?"

"Mama, tafadhali. Wamempa mpaka mwisho wa mwaka wa shule. Asipopanda, atatiwa darasa la watoto wazito wa kuelewa." Akatazama viatu vyake. "Nami nimefikiri, ikiwa hivyo, urudi nyumbani Agosti. Nitatafuta mtu wa Kiingereza akae naye. Na kuanzia leo, humu ndani ni Kiingereza tu."

Sikulia. Nilimwambia chakula kiko tayari. Wakesho alikuwa amesimama mlangoni na masikio yake yote mawili. "Nyanya, utaenda?" akaniuliza kwa kunong'ona. "Nani kasema naenda? Kula paja hilo." Lakini mimi mwenyewe paja langu nililirudisha sufuriani.

Maktaba ilikuwa mtaa wa pili, na sitawadanganya, tulikuwa tukienda kutafuta joto. Ilikuwa na mabomba ya maji ya moto ukutani, unaegemea mpaka mifupa inalainika. Siku hiyo Wakesho alikwenda upande wa watoto, akarudi na kitabu cha sungura, maneno manne kila ukurasa. Nikamwambia akirudishe, sungura hatampandisha darasa. Nikaenda mwenyewe upande wa watu wazima, nikachagua kama ninavyochagua samaki, kwa kutazama macho. Kusoma Kiingereza sijui, lakini uso najua kuusoma. Ndipo nikamwona kwenye jalada: mwanamke mweusi, mtu mzima, amekaa kwenye kiti cha jikoni, mikono mapajani, anakutazama kama mtu aliyekusikia ukidanganya. Alifanana na shangazi yangu marehemu, mwanamke aliyewatoa machifu jasho. Nikasema huyu hana upuuzi, twende naye. Msichana wa kaunta akamwuliza Wakesho kama tunajua kwamba hayo ni mashairi ya watu wazima. "Mwambie na sisi ni watu wazima," nikajibu, "mmoja wetu." Akacheka, akagonga muhuri, tukaazima kwa kadi ya Mghoi.

Kazi yetu ilikuwa hivi. Saa kumi jioni mimi nasukuma chapati, yeye amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, anasoma mstari mmoja kwa Kiingereza kisha ananiambia kwa Kiswahili. Mstari nisiouelewa haupiti. Wiki ya kwanza alilia kila siku. Maneno alikuwa akiyatamka yote, moja moja, kama mtu anayevuka mto kwa kurukia mawe, lakini akifika ng'ambo hajui amepita wapi, na shuleni hakuna aliyewahi kumwuliza. Mimi nikamwuliza. Kulikuwa na shairi la mwanamke anayepiga pasi mashati ya watu. Wakesho akasema, "Nyanya, pasi inachoma jina lake."

"Jina halichomeki, we mtoto. Rudi."

"Pasi... inapiga jina lake pasi."

"Unaniletea uji sasa. Rudi tena."

Akasoma mara ya tatu na ya nne, kidole chini ya neno, midomo inacheza. Kisha akainua uso taratibu. "Nyanya, hakuna anayemwita kwa jina lake. Wanamwita kwa kazi yake. Kila akipiga shati pasi, jina linapungua kidogo." Niliweka chini kijiti cha kusukumia. Mimi nilifanya kazi miaka kumi na mmoja nyumbani kwa meneja wa shamba la mkonge, na miaka yote hiyo niliitwa Yaya. Chapati iliungua nikiitazama. "Sasa umesoma," nikamwambia.

Tulipokimaliza hicho tukafuata vingine. Vingine yule mama alikuwa ameviandika mwenyewe, vingine watu walikuwa wameandika juu yake: alizaliwa wapi, nani alimkataza kushika kalamu, aliishi vipi alipokuwa hana msomaji hata mmoja. Hivyo vya maisha yake ndivyo nilivyovipenda zaidi, maana nikishajua yaliyompata mtu, namwelewa hata akisema kwa mafumbo. Habari zake tulizijua kama za jirani. Mghoi akiweka ufunguo mlangoni, tunanyamaza kama wezi, kwa sababu amri ya nyumba ilikuwa Kiingereza, na mvunja amri alikuwa mimi.

Kosa langu lilikuwa la karatasi. Kwetu kitabu cha shule hakitoki nyumbani kikiwa uchi. Kinavikwa karatasi ya kaki, pembe zinakunjwa, jina la mtoto linaandikwa mbele, na asiyefanya hivyo anachapwa. Basi nikakusanya mifuko ya kaki ya wauza mboga, nikaikata, nikavivika vitabu vya yule mama kimoja kimoja kwa heshima zote. Sikujua kwamba Uingereza kitabu kilichofunikwa hivyo ni kitabu kinachofichwa. Wiki ya mwisho ya muhula mwalimu alikiona kimoja mkobani, akadhani mtoto anaficha uchafu, akakifungua, akakuta mashairi ya wakubwa. Nilipokwenda kumchukua Wakesho, mwalimu alinipokea langoni, akatuongoza moja kwa moja kwa mwalimu mkuu. Mghoi akapigiwa simu kazini.

Mwalimu mkuu alikuwa mwanamume mrefu mwenye upole, ule upole unaotangulia habari mbaya. Wakesho alisimama katikati yetu akitafsiri. Mwalimu alikuwa akisema kwamba mtoto ambaye bado yuko kwenye hadithi ya sungura hawezi kukisoma kitabu hiki, anajionyesha tu. Nikamwambia Wakesho, "Mwambie akifungue popote."

"Nyanya, naogopa."

"Ogopa huku ukisoma."

Akasoma. Mwalimu akasema amekariri. Mwalimu mkuu akakichukua mwenyewe, akafungua karibu na mwisho, Wakesho akasoma na hapo. Wakamwuliza maana. Mtoto akafumba macho, akaisema kwanza kwa Kiswahili, chini chini, kama tulivyozoea jikoni, halafu akawageuzia kwa Kiingereza, akaendelea, akaendelea, mikono ikaanza kumsaidia kueleza. Mwalimu akakaa bila kutazama kiti kiko wapi, nusura aketi hewani. Kisha akakivuta kitabu, akausoma ule ukurasa upya, kana kwamba umebadilika.

Wakesho hakuliona lile darasa la watoto wazito, na mimi sikupanda ndege ya Agosti. Leo ana miaka ishirini na miwili, mwaka huu amemaliza chuo kikuu, na kazi yake ya mwisho aliiandika juu ya mama yule yule wa Amerika. Siku ya majoho nilipiga vigelegele ukumbini mpaka mlinzi akanigeukia. Ageuke. Siku hizi nawatazama watoto wa kanisani kwetu Walthamstow. Ukiwasalimu kwa Kiswahili wanakujibu kwa Kiingereza, na mama zao wanatabasamu kama waliopewa kombe. Wana kompyuta, wana vitabu vyao wenyewe ambavyo havirudishwi popote. Sisi tulikuwa na kadi moja ya kuazimia na jiko lenye moshi wa chapati, na sibadilishani nao hata siku moja ya mwaka ule.

Lakini sijasema jinsi mambo yalivyoisha pale ofisini. Mwalimu mkuu, sasa anacheka, alisema Septemba Wakesho atakaa meza ya wasomaji bora. Kisha akaongeza kwamba, ili asirudi nyuma, nyumbani sasa tuache Kiswahili kabisa. Wakesho alinitafsiria akitazama sakafu. Nikasimama, nikajifunga kitenge vizuri, nikasema: "Hapana. Kiingereza fundisha wewe, hiyo ndiyo kazi yako. Kiswahili ni kazi yangu, na siachi."

"Nyanya, nimwambie hivyo kweli? Huyu ni mwalimu mkuu."

"Hivyo hivyo. Usitie sukari."

Akamwambia. Mwalimu mkuu akadhani mtoto amekosea kutafsiri. Hapo hapo mlango ukafunguka, Mghoi akaingia anahema, bado amevaa sare ya hospitali, na yule bwana akamgeukia kwa furaha kama aliyepata mkalimani. Wakasemezana. Binti yangu akanitazama, macho yamemtoka. "Mama! Umemwambia nini huyu mtu?"

Nikamtazama vile vile, nikamrudishia neno kwa neno:

"Hapana. Kiingereza fundisha wewe, hiyo ndiyo kazi yako. Kiswahili ni kazi yangu, na siachi."