Nywele za Nusu Kichwa Zilibaki Nakonde

Niliingia ukumbini nikiwa nimenyolewa upande wa kulia tu, kitambaa cha kinyozi kikiwa bado kimefungwa shingoni, askari wa doria ya mpakani akinifuata nyuma, na mada niliyoalikwa kuizungumzia ilikuwa ni kwa nini njia zote za panya kati ya Tunduma yetu na Nakonde ya Zambia zizibwe. Siwezi kuikana aibu hiyo, maana ukumbi ulikuwa umejaa, na waliokosa viti walikuwa wamening'inia madirishani, kwa hiyo ni bora niieleze mwenyewe kabla hamjaisikia kwa wengine wenye kuongeza chumvi.

Wakati huo Tunduma bado ilikuwa mkoa wa Mbeya. Nilikuwa na duka la vipuri vya malori, na kila Jumamosi nilikwenda kwenye redio moja ndogo ya hapa kuchambua habari za wiki, za nchi na za dunia. Nilijulikana kwa msimamo mkali. Nilikuwa nasema (na bado nasema) kwamba tulifanya vizuri kufungua soko baada ya ile miaka ya kupanga foleni ya sukari, lakini kufungua soko si kuondoa serikali. Kwamba wakubwa wanaokutana kwenye mahoteli ya miji mikuu kuzungumzia Afrika isiyo na mipaka hawajawahi kukaa mji wa mpakani. Kwamba mkulima wa Isansa hawezi kushindana na bidhaa inayopita uchochoroni bila ushuru. Na kwamba sheria isiyomgusa kila mtu ni afadhali ifutwe kuliko kuachwa ikawa mapambo. Miezi miwili mitatu kabla ya mkasa nilikuwa nimelalamika hewani kwamba ile njia ya nyuma ya nyumba za wageni haina hata mlinzi mmoja, na kweli wakaletwa askari wawili wasimame pale. Nilijisifu sana kwa jambo hilo. Hata dukani nilikuwa nalirudia kwa wateja ambao walikuja kununua fani belti tu.

Ndipo kamati ya mji ikaitisha mkutano wa kusikia maoni ya wananchi. Wazungumzaji tulikuwa wawili: mimi upande wa kuziba, na upande wa kuacha alikuwa Mama Namonje, muuza vitunguu ambaye huvuka kila siku kwa njia ile ile, kwa sababu kupita getini na beseni kichwani katikati ya malori ni kujitafutia kifo. Kwake njia ikizibwa biashara imekwisha. Kwangu mimi ilikuwa ni hoja niliyoipigania kwa miaka, na sasa kwa mara ya kwanza kulikuwa na watu wenye uwezo wa kuitekeleza.

Siku ya mkutano, mke wangu aliniangalia nikivaa koti akasema, "Baba Tumaini, utasimama mbele za watu na hicho kichaka?"

Nikaenda kwa kinyozi wangu, nikakuta amekaa nje anapiga soga. Umeme ulikuwa umekatika mji mzima, mashine imelala. Ng'ambo, umbali wa kutupa jiwe, taa za saluni za Nakonde zilikuwa zinawaka. Getini malori yalikuwa yamefunga njia na dirisha la vibali lilikuwa na msururu wa kutisha. Nikajiambia navuka kidogo tu, nanyoa, narudi, na kichwa si mzigo wa magendo. (Uamuzi wenyewe ulikuwa huo. Haukuchukua muda hata wa kukohoa.) Nilipita nyuma ya nyumba za wageni. Wale askari wangu hawakuwepo, nadhani walikuwa wamekwenda kula, na nakumbuka nilikasirika kwamba hawapo.

Kinyozi wa Nakonde, Mbemba mmoja mcheshi aitwaye Chanda, alinipokea vizuri.

"Mwaiseni mukwai, mudala! Karibu, mzee! Leo unaoa?"

"Nakwenda kuhutubia."

"Kuhusu nini?"

"Maendeleo," nikasema. Sikuona sababu ya kuingia undani.

Kulikuwa na wateja wawili mbele yangu. Nikatazama saa ya ukutani, nikaona muda upo tele, nikakubali kusubiri, nikaomba na soda. Sasa, mtu yeyote wa Tunduma anajua kwamba saa za Zambia ziko nyuma ya zetu kwa saa moja, sokoni kwetu mtu akikupa miadi unamuuliza kwanza, "Saa za kwetu au za kwao?" Mtoto wa chekechea wa pale anajua. Mimi mchambuzi wa masuala ya kimataifa nikakaa chini ya saa ya nchi nyingine nikanywa soda.

Chanda alikuwa amemaliza upande wa kulia simu ilipolia mfukoni. Alikuwa ni Mwalimu Simbeye, mwenyekiti wa mkutano.

"Uko wapi, mzee? Mama Namonje amemaliza, watu wanapiga makofi mpaka sasa!"

"Mwalimu, si bado saa nzima?"

"Saa nzima ya wapi?"

Nikainua macho ukutani, nikaelewa. Nilitoka pale mbio. Nyuma yangu Chanda anapaza sauti, "Mudala! Kitambaa changu! Kitambaa!" na watu waliokuwa njiani, wakiona mtu mzima anakimbia na kitambaa huku mwingine anakidai, walifikiri walichofikiri, wakaanza kunikimbiza. Nikakata uchochoroni, nikatokea kwenye njia ile, na safari hii askari walikuwepo wote wawili.

"Simama! Unatoka wapi?"

"Kunyoa."

"Kibali kiko wapi?"

Nikaanza kujieleza. Mmoja akaniinulia mkono.

"Ngoja. Hebu sema 'ndugu msikilizaji'."

"Kwa nini?"

"Sema tu, mzee."

Nikasema. Yule mwenzake akajishika tumbo. "Ndiye! Ndiye huyu aliyefanya tuletwe kuchomwa jua hapa!"

Niliwaomba wanifikishe kwanza mkutanoni, halafu wanipeleke wanakotaka. Mmoja akabaki kulinda, mwingine akaandamana nami. Hivyo ndivyo tulivyoingia ukumbini wawili.

Kicheko hakikuanza mara moja. Watu walitazama kichwa, wakatazama kitambaa, wakamtazama askari, wakaunganisha. Mama Namonje, aliyekuwa amekaa mbele, akasema kwa upole kabisa, "Karibu, baba. Tulijua umechelewa kwa sababu unapita getini."

Hapo paa likataka kung'oka. Kutoka dirishani mtu akapiga kelele, "Geuka na sisi tuone upande wenye nywele!" Nikageuka. Sijui kwa nini niligeuka.

Mwalimu Simbeye aliniuliza kama bado nataka kuzungumza. Nilizungumza. Nilisema nimevunja sheria, na kwamba kukamatwa kwangu kunaonyesha njia ikilindwa inalindika. Ilikuwa hoja nzuri, na kama ningejiandaa nyumbani nisingeipata, lakini Mama Namonje alinyoosha mkono.

"Mimi mwezi uliopita nilikamatwa pale pale. Nililala mahabusu, vitunguu vikaoza. Baba huyu akipelekwa kama nilivyopelekwa, mimi mwenyewe nitaunga mkono njia izibwe. Asipopelekwa, msinizungumzie tena habari za sheria."

Mwalimu aliitazama kamati, kamati ikanitazama mimi, na mkutano ukaahirishwa mpaka suala langu lishughulikiwe.

Nilitoka na askari mpaka kituoni kwao. Njiani aliniambia, "Mzee, nenda nyumbani. Nani atakuweka ndani wewe?" Nilikataa, nikamwambia nishughulikiwe kama raia mwingine. Kituoni wakanipa kiti (Mama Namonje hakupewa kiti), wakaniambia mkubwa wao amekwenda Mbeya, nirudi nyumbani, nitaitwa. Nilirudi kesho yake, na wiki iliyofuata, na nyingine. Kila mara nilikaribishwa kiti na chai.

Tangu siku hiyo sijanyoa ng'ambo, na sitanyoa, hata umeme ukatike mwezi mzima. Redioni niliendelea kwa muda na habari za bei ya kahawa na chaguzi za nchi za mbali, lakini suala la mpaka sikuligusa, kwa sababu ningeligusa kwa mdomo gani? Kamati haikukutana tena. Njia ile haikuzibwa wala haikuruhusiwa rasmi, na Mama Namonje anaipita kila asubuhi. Tukikutana ananisalimia vizuri, anashusha beseni, ananiuliza, "Wameshakuita, baba?"

Namjibu bado.