Tairi Kuteleza, Gari Kuyumba

Pale gereji walimwita Fundi Taa, kwa sababu taa za dashibodi zikiwaka ovyo, aliitwa yeye. Alikuwa na miaka arobaini na moja, mke na watoto wawili, na bado alimwitikia mjomba wake "ndiyo, mjomba" kama mtoto aliyetumwa dukani. Si ajabu. Gereji ilikuwa ya mjomba, vyumba viwili alivyoishi vilikuwa nyuma ya gereji hiyohiyo, na ufundi wenyewe alifundishwa na mjomba tangu alipofiwa na baba. Mtu akikulea hivyo, hata kukohoa mbele yake unaomba ruhusa.

Na sheria ya gereji ilikuwa hii: mbele ya mteja, mkubwa hasahihishwi. Akikosea, unanyamaza. Mteja akiondoka unamnong'oneza, naye kesho anajirekebisha kana kwamba aliwaza mwenyewe. Mpango mzuri sana, mradi gari lisiwe limeshaondoka.

Siku hiyo lililetwa gari la shule, la kubeba watoto kumi na wanne. Dereva wake, mama wa makamo, alionyesha taa ya njano iliyogoma kuzimika. Mjomba hakuinama hata kuitazama.

"Hiyo ni ya tairi kuteleza, mama. Ukiondoka kwenye matope, tairi lisizunguke bure. Njia yako ina lami?"

"Lami yote. Ila ni mteremko, na kona nyingi."

"Basi hiyo haikuhusu. Fundi, izime."

Fundi Taa alikuwa ameshalipima gari hilo. Aliliondoa kwa nguvu kwenye kokoto za uani, na tairi lilipoanza kuzunguka bure, gari lenyewe likalidhibiti. Mfumo wa kuzuia tairi kuteleza ulikuwa mzima kabisa. Kilichokufa ni ndugu yake, mfumo wa kuzuia gari kuyumba. Huyo hana habari na matope. Anatazama usukani umeelekezwa wapi na gari linakwenda wapi, na vikipishana kwenye kona, anafunga breki ya tairi moja tu, lile linalofaa, mpaka gari lirudi njiani. Kitambuzi cha usukani kilikuwa kimeharibika, kwa hiyo gari halikujua tena dereva anataka kwenda upande gani. Ndugu wawili, taa moja, na mjomba aliyejifunza kazi enzi za kabureta alimjua mmoja tu.

Watoto kumi na wanne. Mteremko. Akisema, anamvunjia mjomba heshima mbele ya mteja, na jioni mkewe atauliza wanahamia wapi. Asiposema... hapo hata mawazo yalikataa kuendelea.

"Mjomba," alisema, na sauti ikamtoka kubwa kuliko alivyopanga, "hapo umekosea."

Akaeleza mwanzo mpaka mwisho. Mjomba alifuta mikono kwa kitambaa, kidole baada ya kidole.

"Haya. Kama unajua kuliko mimi, kadi ya kuruhusu gari litoke utasaini wewe." Akaingia ofisini, akafunga mlango.

Fundi Taa alitaka kucheka kwa ahueni. Alichukua kadi aandike kwamba gari libaki mpaka kitambuzi kipatikane. Yule mama akamshika mkono.

"Mwanangu, hayo nilikuwa nayajua. Fundi mwingine aliniambia Jumatatu. Mwenye gari kasema leo lirudi na kadi, na taa isiwake, la sivyo ufunguo anampa dereva mwingine. Na huyo mwingine namjua, kona anaziingia kama anafukuzwa. Mimi angalau naenda taratibu."

"Mama, lakini..."

"Niandikie tu, baba."

Alikuwa amejiandaa kufukuzwa nyumbani. Kwa hili hakuwa amejiandaa. Akikataa, watoto walewale, kona zilezile, na mwendo wa kasi juu yake.

Akabandika utepe mweusi nyuma ya kioo cha dashibodi, ukaifunika taa. Kwenye kadi akaandika: *Taa haionekani kuwaka.* Hapakuwa na neno la uongo hapo, na hakuwa amewahi kuandika kitu kilichomwaibisha hivyo.

"Punguza mwendo kabla ya kona, mama. Kabla, usingoje uwe ndani yake."

"Kabla," mama alirudia, akawasha gari.

Shule ilikuwa inatoka saa nane. Zilibaki dakika ishirini, na Fundi Taa akakalia tairi bovu, akawa anaitazama saa ya ukutani.