Sukari Niliyompelekea Babu

Mwanangu, nianze na ujinga wenyewe, usije ukausikia kwa wengine wakautia chumvi. Nilimlisha babu yangu sukari kwa siri, likizo karibu nzima, huku nikijiona mjukuu bora kuliko wajukuu wote wa kijiji chetu cha Mnyambe. Asubuhi ya kwanza naikumbuka vizuri mno. Mama alikuwa ameshuka bondeni kuchota maji, babu amekaa barazani anaota jua, na mimi natembea kwa kunyata kama mwizi wa kuku, leso ya sukari mfukoni mwa kaptura ya shule.

Usicheke nikikuita mwanangu. Najua mimi ni wa darasa la nane, na ndevu zangu zinaonekana ukisogea karibu tu. Lakini wewe ndiyo kwanza umefika darasa la tano, na jana nimeliona kopo la sukari ulilolificha chini ya kitanda bwenini. Nimekuona pia ukichovya kidole na kulamba, macho umeyafumba kama unasali. Kwa hiyo leo mimi ni mzee wako, upende usipende. Kaa hapo, nisikilize.

Babu Barnaba ni baba yake mama. Zamani alikuwa katekista, alifundisha watu sala na kuwakaripia waliosinzia. Tangu bibi afariki tunaishi naye nyumba moja, huko juu Newala, ambako ardhi inakubali mihogo, korosho na kila utakachopanda, ila kushika maji haitaki. Kwetu maji yako bonde la chini. Wanawake huamka kabla ya majogoo, wakateremka na madebe, wakarudi wanapanda mlima jua limeshawakalia utosini. Tone likimwagika kila mtu anageuka kutazama nani kalimwaga.

Sasa katika nyumba kama hiyo akatokea mzee mwenye kiu.

Alikunywa maji akiamka, akanywa akitoka kanisani, akala akanywa, akanywa tena kabla mikono haijakauka. Majirani walisema uzee umemharibia adabu. Yeye mwenyewe aliona haya, akawa anakunywa amegeukia ukuta. Na maji yale yalitaka kutoka, kwa hiyo kutwa ilikuwa safari za nyuma ya nyumba, na pale alipozoea kusimama sisimizi walijipanga kama wanafunzi wakati wa gwaride. Alikula kama mtu anayetoka kulima, lakini shati lilizidi kumpwaya.

Kwa kuwa alikonda, watu walimhurumia kwa namna ya kwetu. Mgonjwa aliyekonda hupelekewa sukari. Ni kitu cha dukani, cheupe, cha heshima, na wengi huamini kinarudisha nguvu haraka. Huyu alileta imefungwa kwenye karatasi, yule akaleta kwenye kifuu, na babu akanywa uji mtamu asubuhi na jioni. Kadiri alivyokonda ndivyo alivyoletewa, na kadiri alivyoletewa ndivyo alivyokonda. Hakuna aliyekiona kichekesho hicho, hata mimi ambaye vichekesho ndiyo kazi yangu.

Mwishowe mama alimpeleka zahanati. Bwana Mganga wa pale aliuchukua mkojo wa babu, akautia kwenye kichupa chembamba pamoja na dawa ya buluu, akauchemsha juu ya moto wa spiriti. Ile buluu ikawa kijani, ikawa manjano, ikaishia rangi ya tofali la kuchoma.

"Mzee," akasema, "hii rangi ni sukari. Imejaa kwenye damu yako, mwili umeshindwa kuitumia. Sasa unaikojoa, nayo ikitoka inatoka na maji yako. Ndiyo maana una kiu."

Akamkataza sukari, asali, muwa na pombe ya mabibo ya mkorosho. Ugali wa muhogo ale kidogo, kunde na mboga ale zaidi. Akamwambia pia achunge miguu, maana kidonda kwa mtu wa ugonjwa huo hakitaki kupona. Mama alisimamia maneno hayo kama askari wa zamu. Sukari yote ya nyumbani akaigawa. Baada ya muda babu akaanza kunywa maji kama watu wengine, na shati likaanza kukaa begani.

Hapo ndipo nilipofunga shule.

Utauliza sukari niliipata wapi. Niliipata kwa kipaji, mwanangu. Unajua Jumapili tunapata uji wenye sukari pembeni. Basi mimi nilikuwa namwigiza mwalimu wa zamu anavyotafuta miwani ambayo ameivaa mwenyewe, na kila aliyecheka alilipa kijiko. Wengine walilipa wakiwa bado wanagaagaa chini. Muhula mzima nilijinyima, sikulamba hata punje, nikaifunga yote kwenye leso kwa ajili ya babu. Mwaka huo nilikuwa nimetoka jandoni na jina lake, na kwetu kijana aliyepewa jina la mzee humpelekea mzee huyo kitu cha kula kwa mkono wake. Mzee hukila palepale, kijana akiona. Wenzangu walipeleka kuku. Mimi kuku sikuwa naye, nilikuwa na leso.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mume mwenzangu. Umerudi na akili, au umerudi na njaa tu?"

"Nimerudi na zawadi yako."

Nikaifungua. Babu akaitazama ile leso, kisha akaitazama njia ya bondeni.

"Mama yako ameiona?"

"Mama yuko bondeni."

"Na Bwana Mganga hukumsikia alivyosema?"

"Nimesimuliwa. Yule anataka watu wote waache ili abaki nayo peke yake. Hujaliona tumbo lake?"

Babu alicheka mpaka akakohoa. Kisha akakinga kiganja, nami nikammiminia. Akala taratibu, akapangusa kidevu, akaniambia nimekuwa mtu mzima. Nilishinda siku hiyo nzima kifua mbele.

Basi ikawa desturi. Kila mama aliposhuka bondeni, sisi wawili tulikuwa na karamu barazani. Mimi nilileta sukari na vichekesho, yeye alileta kiganja. Kiu ikarudi. Nikaiona, mwanangu, sitakudanganya kwamba sikuiona. Alianza tena kugeukia ukuta akinywa. Nikajiambia ni joto la kiangazi. Mama akaongeza safari, akawa anashuka asubuhi na alasiri, na kila aliposhuka mara ya pili nami nilipata nafasi ya kumpa babu mara ya pili.

Kisha babu akajikwaa kwenye jembe, kidole kidogo cha mguu kikachubuka. Kijeraha cha kitoto, wewe ungepaka mate ukaendelea na mpira. Cha babu kikavimba, kikabadilika rangi, kikaanza kunuka. Alisema hakimuumi, tukafurahi. Kumbe mguu uliokufa ganzi hausemi.

Asubuhi moja mama alimwita anywe uji, hakuitika. Alikuwa amelala anapumua kwa nguvu kama mtu aliyekimbia, macho nusu wazi, midomo imekauka. Mama alimtikisa akimwita "Baba, baba," mimi nimesimama mlangoni na leso yangu mfukoni.

Wanaume wakamlaza kwenye kitanda cha kamba, wakambeba hadi barabarani, tukapata lori la korosho linaloteremka upande wa Masasi. Tulimlaza juu ya magunia. Mama alimshika kichwa, mimi nikaambiwa nishike ule mguu usigonge. Njia nzima niliushika. Sikutoa kichekesho hata kimoja, na dereva anayenifahamu aliuliza kama na mimi ni mgonjwa.

Huko hospitali ya misheni, sista mmoja mwenye mikono ya haraka alichemsha mkojo kama yule wa zahanati. Safari hii haikupita manjano wala nini, ilikwenda moja kwa moja kwenye tofali. Wakamchoma sindano, wakamtundikia chupa ya maji ya mshipani. Daktari akauangalia mguu, akasema kama sumu ya kidonda itapanda juu ya kifundo, ataukata chini ya goti, na kwa umri ule haahidi kama mzee atavumilia.

Babu alipofumbua macho, sista akamwuliza kwa ukali wa upole, "Mzee, umekula sukari?"

"Nimekula."

"Nani alikupa?"

"Niliichukua mwenyewe. Mimi mlafi."

Mtu aliyewafundisha wenzake amri za Mungu maisha yake yote alikuwa anasema uongo kitandani kwa sababu yangu. Nikaitoa leso, nikaiweka juu ya blanketi. "Ni mimi, sista. Nilimpelekea kila siku."

Sista akamgeukia babu. "Na wewe mzee, ulikuwa unajua inakuumiza?"

"Nilijua," akasema babu. "Lakini mtoto ana jina langu. Amejinyima shuleni, amekuja na mkono wake. Ningemwambia nini?"

"Ungemwambia hapana."

Babu akafikiri. "Kweli," akasema. "Hilo neno sikulifikiria."

Mama alikuwa upande wa pili wa kitanda. Aliichukua leso, akatoka nayo, akarudi bila leso. Hakunipiga. Mwanangu, mama yangu ni mtu wa maneno, na siku zote tulizokaa hospitali alinipa kazi kwa kidole tu. Bora ningechapwa.

Mguu haukukatwa. Walikikata kile kidole kidogo, sumu ikasimama, na babu akarudi nyumbani anachechemea na kujisifu kwamba sasa viatu vitamtosha. Leo anakula kwa kipimo, kila jioni anatembea hadi kanisani na kurudi, na zahanati hakosi siku yake. Chai anakunywa kavu. Anasema ukiizoea inakuwa na ladha yake, ingawa uso wake akinywa hausemi hivyo.

Sasa nasaha, maana sikukuita hapa nikufurahishe tu. Sikuambii sukari ni sumu. Ningekuwa mwongo, na kesho ungeniona nikilamba bakuli la uji. Ila kopo lile si chakula. Tia kidogo kwenye uji wako, ule na wenzako, basi. Ukitaka utamu, kula bibo au papai, utafune kwa meno yako hayohayo ambayo sukari inayatoboa sasa hivi wakati umelala. Mwili wako leo ni mpya, unapokea kila unachoutupia na haulalamiki. Usidhani umekubali. Mazoea unayoyaanza na kidole bwenini utazeeka nayo, nayo yatakunenepesha kwanza kabla hayajakukondesha.

Na ukirudi kwenu ukakuta mtu mzima anakunywa maji bila kushiba, anakojoa kila mara, anakula lakini anakonda, macho yana ukungu au kidonda hakifungi, usimcheke, usimwambie amekosa adabu, na usimpelekee sukari ya pole. Mpeleke apimwe. Akikatazwa kitu na mganga, heshima yako kwake ni kumsaidia kukikataa. Mpelekee kunde. Mpelekee mayai. Kaa naye umchekeshe, hiyo haina madhara, mimi nimeijaribu. Na ukiletewa wewe kitu cha kukuumiza na mtu anayekupenda, jifunze lile neno ambalo katekista mzima alilisahau.

Mungu akupe kiu ya kawaida, mwanangu. Akupe meno ya kutafunia korosho mpaka wajukuu wako waote ndevu, na miguu miwili yenye vidole vyote, ya kuteremkia bondeni na kupandia.

Umeniuliza mama alisema nini baadaye. Tulifika nyumbani mchana, babu akasaidiwa kushuka kwenye lori, bandeji mguuni. Mimi nilikwenda kukaa nyuma ya jiko, nangoja hukumu yangu. Mama akapita na debe, akaingia jikoni, akawasha moto, akakaa humo muda mrefu. Halafu akasimama mlangoni, akanitazama kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya leso, akasema:

"Maji ya moto yako tayari. Kamwoshe babu yako kidonda, na kesho pia, na kila siku mpaka kifunge. Ukimaliza njoo ule, chakula chako nimekifunika."