Miche Arobaini na Moja

Mimi ni mtu wa hasira, sikatai. Mume wangu, Baba Hamisi, husema nikikasirika hata kuku wanahama kibaraza. Basi nisikilizeni mpaka mwisho kabla hamjanihukumu, maana habari hii ya Carlota na kaka yake ina mkono wangu ndani.

Walivuka mto Ruvuma kuja huku kwetu mwaka sitini na tano, vita vya kule kwao vilipowakalia kooni. Walikuwa watatu: mama mtu mzima aliyeitwa Conceicao, mwanawe wa kiume Inasio, na binti yake Carlota, wa miaka kama ishirini. Mkeka mmoja, chungu kimoja na jogoo mmoja aliyefungwa miguu. Wamakonde wenzetu, ila wao wana matamshi ya ng'ambo na sala za misheni. Nikawapa kipande cha shamba langu, njia ya kwenda Msimbati, shamba nililoachiwa na marehemu mama yangu.

Nikawapa na sharti, ambalo kila mtu huku analijua tangu hajaota meno: lima mihogo, lima kunde, lima mtama, lakini usipande mti. Mihogo ikishang'olewa, ardhi inabaki ya mwenyewe. Mkorosho ukishika mizizi, shamba limepata mwenyewe mwingine. Conceicao akapiga magoti, akaapa kwa niaba ya wanawe.

Inasio akarudi ng'ambo kupigana. Mwaka sitini na saba wakamleta kwenye machela, mguu wa kulia umekatwa juu ya goti. Alikanyaga bomu lililofukiwa njiani. Mwaka uliofuata mama yao akafariki. Kabla hajakata roho alimshika Carlota mkono akamwambia, "Usimwache kaka yako." Nilikuwepo, nilisikia kwa masikio yangu. Maneno matatu tu, na yule binti akafungwa nayo kama mbuzi kwenye kigingi.

Tangu hapo Carlota ndiye akawa jembe la nyumba ile. Analima, anapanda, anang'oa, anamenya, anaanika mihogo juu ya paa, anachota maji, anapika, na jioni anamfunga kaka yake kitambaa kwenye kigutu. Mihogo haina likizo; unavuna leo, kesho unaanza matuta upya. Na Inasio hakuwa mvivu, nisimsingizie. Alijaribu kulima kwa kukaa chini na kujikokota, lakini matuta hayalimwi kwa makalio. Alikuwa anatupa jembe na kulia kwa uchungu, mwanaume mzima. Alichokiweza ni palizi. Upande wa bondeni akamwambia dada yake, "Huku niachie mimi, usikanyage," na Carlota akashukuru kupata hata huo msaada.

Ndipo akatokea Elia. Mtu wa bara huyo, mrefu, mpole, akifanya kazi ya utafiti wa korosho kule Naliendele. Alikuja na baiskeli kuangalia mikorosho yangu ilivyochanua, akamwona Carlota, basi tena! Mikorosho yangu ikawa inaumwa kila wiki. Nilimtania, "Elia, mwanangu, mgonjwa wako yuko huku, mbona dawa unaipeleka kwa jirani?" Akacheka, akainamia kengele ya baiskeli yake. Na Carlota alimpenda. Yule aliyekuwa haimbi hata kanisani, siku za Jumamosi alikuwa anaimba toka kisimani mpaka nyumbani.

Kwetu posa hupelekwa kwa mjomba wa binti; wao mjomba alibaki ng'ambo, kwa hiyo ikaenda kwa Inasio. Inasio akamsikiliza Elia mpaka mwisho, kisha akasema, "Nipe miaka mitatu."

Miaka mitatu! Nusura nimchape kwa gongo lake mwenyewe. Nikasema kisimani, na kila mwenye masikio akasikia, kwamba huyu anataka kumkamua dada yake mpaka abaki ganda. Elia maskini akakubali kungoja. Kesho yake nilimkuta Carlota analima huku machozi yanamdondokea mikononi. Nilimwambia pole, akaniitikia bila kuinua uso.

Mwaka sabini na moja kigutu cha Inasio kikafanya kidonda, akalazwa hospitali ya misheni. Carlota akaanza kuvuna mihogo, na alipomaliza upande wa juu akashuka bondeni. Mihogo ya huko ilikuwa imempita mtu kwa urefu. Mimi nilikuwa napita na kikapu changu. Alipoangusha mstari wa kwanza, nikaona kitu kimesimama katikati. Mkorosho! Mche wa kufika kiunoni. Akaangusha mstari mwingine, mwingine ule. Loo! Imepandwa kwa kamba, imenyooka, imepeana nafasi, imefichwa ndani ya mihogo mwaka na nusu mzima, na mimi napita hapo kila siku nasalimia.

Nikapandwa na mori. "Nani kapanda hii?"

Carlota alikuwa na panga mkononi, mdomo wazi. Leo najua kwamba alikuwa anaiona kwa mara ya kwanza kama mimi. Alivuta pumzi moja tu.

"Ni mimi, Mama Hamisi."

"Wewe?"

"Ni mimi. Kaka hajui lolote."

Niliing'oa kwa mikono yangu hii. Mmoja baada ya mwingine, nikihesabu kwa sauti ili majirani wasikie, mpaka arobaini na moja. Carlota hakuomba wala hakunizuia. Viganja vilinichubuka, na wallahi nilijiona nimeshinda.

Jioni ile tukakaa kwa balozi wa nyumba kumi. Angekuwa Inasio ndiye aliyepanda, mwanaume wa ukoo mwingine anayejichukulia ardhi, angefukuzwa palepale apelekwe kambi ya wakimbizi. Kwa mwanamke wazee waliona huruma, wakaniuliza nataka nini. Nikasema shamba namwachia, ila liwe mikononi mwake mwenyewe. Siku Carlota akiondoka, shamba linarudi kwangu na kaka yake anatoka. Nilijua Elia anangoja. Nilijua vizuri sana, na bado nikasema hivyo. Carlota akaapa mbele ya watu wote, sauti haikutetemeka.

Elia alikuja mara mbili zaidi. Mara ya mwisho alisimama katikati ya matuta na baiskeli yake, na Carlota, bila kuacha kulima, alimwambia asimngoje tena, kama anayeogopa kwamba jembe likitulia atasema jambo jingine. Mwaka uliofuata Elia alihamishwa, tukasikia ameoa kwao bara. Ile operesheni ya kuhamia vijijini ikaja ikapita, sisi haikutugusa kwa kuwa tulikuwa tayari kando ya barabara. Kila asubuhi nilisikia jembe la Carlota. Wimbo sikuusikia tena. Inasio alipotoka hospitali tulikuwa tunapishana njiani tumenuniana, yeye na magongo yake, mimi na kidomodomo changu.

Mwaka sabini na tano ng'ambo wakapata uhuru wao, watu wakaanza kurudi kwao makundi kwa makundi. Asubuhi moja, jua ndiyo kwanza linachomoza, Inasio akaja kibarazani kwangu jasho linamtiririka.

"Shikamoo, Mama Hamisi."

"Marahaba. Leo umepotea njia?"

"Mikorosho ile niliipanda mimi."

Nikamsogezea kigoda, hakukaa.

"Mtu wa mguu mmoja hawezi kulima," akasema. "Lakini korosho zinaanguka zenyewe. Kuokota naweza, hata kwa kutambaa. Nilipiga hesabu: miaka mitatu miti ianze kuzaa, Carlota aende kwa mumewe, mimi nibaki naokota. Sikukuomba ruhusa, maana ungekataa."

Ningekataa. Namjua Amina, ndiye mimi mwenyewe.

"Kwa nini hukusema, Inasio? Miaka yote hii!"

"Ningesema, mngenifukuza, naye angeitwa mwongo mbele ya wazee. Yeye amenificha, na mimi nimemficha." Akashika magongo yake. "Leo navuka na wenzangu. Nimetoka yeye yuko kisimani, akiniona hataniacha niende. Nikishafika mbali, mwambie hana wa kumlimia tena. Yuko huru."

Nilingoja kidogo, si kwa muda aliotaka. Miguu ilinipeleka shambani yenyewe. Carlota alikuwa analima, ana miaka thelathini na nywele zimeshaanza mvi. Nikamwambia yote, nikilia, nikimwomba radhi, nikimwambia mwanangu uko huru, shamba lichukue, ni lako, panda utakacho.

"Ameondoka saa ngapi?" akaniuliza.

"Sasa hivi tu. Carlota, usiende!"

"Na huko atalimiwa na nani?"

Nikamshika kanga. Akaitoa mikono yangu polepole, kidole kwa kidole, bila hasira yoyote, na hilo ndilo lililonimaliza. Angenitukana ningepona. Aliingia ndani, akakunja mkeka, akabeba chungu, akaweka jembe begani, akashika njia ya mtoni. Hakugeuka.

Mvua za kwanza ziliponyesha nikaenda kwa balozi, nikasema mbele ya wazee walewale kwamba shamba lile ni la Carlota, awepo asiwepo. Kisha nikachagua korosho nzito kutoka miti yangu, arobaini na moja, nikashuka bondeni. Mahali pa miche ile napajua mmoja mmoja.

Baba Hamisi akanifuata, akasimama pembeni anacheka. "We Mama Hamisi! Shamba si umeshasema la mtu? Nani tena anapanda miti kwenye shamba la watu?"

Nilikuwa nimepiga magoti kwenye matope.

"Ni mimi," nikamwambia.